Fimbo Zilizobaki Nje

Barua ilifika Kilolo siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano jioni hapakuwa na mtu kuanzia mtoni hadi kanisani asiyejua kwamba Edmund Kalinga ni mzima wa afya. Serikali yenyewe ilikuwa imesema. Edmund peke yake ndiye aliyekuwa hajapata habari ya uzima wake, na alipoipata, Alhamisi, aliipata mbele ya watu.

Alifika barazani kwa jumbe saa nne asubuhi pamoja na mkewe, Paskalina. Kutoka kwao hadi pale ni mwendo wa nusu saa. Yeye alitumia saa moja na nusu, maana nyonga yake ya kushoto ilivunjwa na kipande cha kombora kule Burma mwaka 1944, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na tangu siku hiyo mguu ule ulikataa kwenda bila fimbo. Mlangoni aliiegemeza fimbo ukutani, kando ya fimbo za wazee wengine, akavua kofia, akauma meno, akajikokota hatua sita hadi kwenye benchi. Hakuna aliyemshangaa. Kwa watu wa milima ile, mtu aliyelelewa haingii mbele ya wakubwa na fimbo mkononi, kana kwamba amekuja kumpiga mtu. Fimbo hukaa nje, hata kama mwenyewe hawezi kusimama bila hiyo fimbo.

Karani wa baraza, Eliezeri, alikuwa kijana mnene mwenye kalamu mbili kifuani, ingawa wino alikuwa nao wa moja tu.

"Kamwene, karani," Edmund alimsalimu. "Nisomee taratibu. Na ikiwezekana, twende pale pembeni."

"Barua ya Serikali haisomwi pembeni, mzee Kalinga," Eliezeri alijibu. Akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayehubiri: "Mwombaji alipimwa na daktari mjini Iringa tarehe 9 Februari 1954. Aliingia chumbani akitembea mwenyewe bila msaada wowote. Alisimama wima. Alipoulizwa hali yake hakulalamika. Kwa hiyo ombi la fidia ya ulemavu limekataliwa. Asiporidhika, anaweza kukata rufaa ndani ya siku sitini, kwa kamati itakayokaa Mbeya mwezi wa Juni."

Kisha mzee Kihwele, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na aliyependa kucheka kuliko kula, akaangua kicheko.

"Kumbe, Kalinga! Miaka yote hii unatuchechemelea bure?"

Wengine nao wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walicheka kwa sababu mzee Kihwele alicheka, na kwa sababu kikao kilikuwa kirefu. Lakini Edmund alihisi uso wake unawaka moto, na Paskalina, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha na wanawake wengine, alishika ubao wa dirisha kwa nguvu.

"Yule daktari mwongo," Edmund alisema. "Sikutembea mimi. Nilijikokota."

"Hapa hawajaandika kujikokota." Eliezeri akafungua daftari kubwa, akalamba kidole, akatafuta jina. "Sasa, mzee, mimi nina tatizo. Miaka saba nimekuandika humu kwamba wewe ni kiwete. Umesamehewa kodi, umesamehewa kazi ya barabara. Serikali inasema u mzima. Mimi ni nani niipinge Serikali?" Akachora mstari juu ya neno moja, akaandika jingine. "Mwezi wa saba kazi ya barabara inaanza. Utafika na jembe lako kama wanaume wengine. Usipofika, unajua kesi yake iko Iringa, na jela iko hukohuko."

Edmund alitoka akiwa ameshika ukuta. Alipokuwa akiinama kuchukua fimbo yake, alisikia mtu ndani akisema, "Mtazame, anaendelea kuigiza," na kicheko kikaanza upya.

Nyumbani Paskalina alichemsha maji, akakamua kitambaa, akakibandika kwenye nyonga ya mumewe kama alivyofanya kila jioni tangu mwaka 1946. Kovu lilikuwa na upana wa kiganja, na katika majira ya baridi nyama yake ilikaza.

"Nitakwenda tu hiyo barabara," Edmund alisema. "Nitakaa chini, nitachimba nimekaa."

"Na watu wakupite wakuone umekaa kwenye udongo unachimba kama mtoto?"

"Sasa unataka nifanye nini, mama Esta?"

"Rufaa."

"Rufaa ni ya watu wenye mawakili."

"Rufaa ni ya mtu aliyeonewa." Paskalina alikikamua kitambaa tena, kwa hasira kidogo, hata maji yakamrukia Edmund usoni. "Mimi nachuma pareto kule Dabaga kuanzia jua linachomoza, mgongo huu si wangu tena. Esta amekwenda Igowole kuchuma chai wakati wenzake wako shule. Sijawahi kukulaumu, maana mguu huo hukuutupa mwenyewe. Lakini sasa waniambie mguu ni mzima? Basi mimi na mwanangu tumekuwa wajinga miaka yote hii, tunamlisha mwanamume mvivu? Hapana. Mbeya tunakwenda."

Edmund alitazama juu, kwenye boriti, ambako baiskeli yake ilining'inia. Aliinunua kwa fedha za kuagwa jeshini, nyeusi, yenye kengele na taa, kabla hajaamini kwamba mguu hautapona. Hakuwahi kuipanda hata siku moja. Kila Jumapili baada ya misa aliishusha, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akazungusha pedali kwa mkono ili asikie mnyororo unavyolia, kisha akairudisha juu.

"Nauli ya watu wawili," Paskalina alisema polepole, akitazama alikotazama mumewe. "Na ya kumlipa mwandishi wa barua."

"Najua," Edmund alisema.

Mnunuzi mwenye fedha taslimu pale Kilolo alikuwa mmoja tu, na yeye alijijua. Eliezeri alikuja Jumapili, akaizunguka baiskeli mara tatu, akabonyeza tairi, akasikitika kwa kichwa.

"Ya zamani hii."

"Haijapandwa," Edmund alisema.

"Ndiyo hivyo. Baiskeli isiyopandwa inaoza ndani kwa ndani. Nakupa hamsini."

"Nilinunua mia na themanini. Nipe hata tisini."

"Hamsini na tano, mzee wangu, na hiyo ni kwa sababu nakuheshimu. Hebu ishike nipande, nione kama inabeba."

Edmund akaishika baiskeli yake kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye fimbo, na karani akapanda na uzito wake wote. Akaondoka akipiga kengele hadi bondeni. Walimsikia kwa muda mrefu, maana sauti husafiri sana katika milima ile. Paskalina alizihesabu shilingi hamsini na tano, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, na hakumtazama mumewe usoni hadi jioni.

Anania, mwandishi wa barua, alikuwa na meza yake na taipu yake katika soko la Mlandege mjini Iringa. Alikuwa amewahi kusoma seminari miaka miwili, na miaka hiyo miwili ilimkaa mdomoni.

"Nitaanza hivi," alisema, vidole vikiwa hewani. "'Kwa Mheshimiwa Mtukufu Mwenyekiti, mimi mtumwa wako mnyonge, nikiwa nimepiga magoti katika mavumbi ya viatu vyako...'"

"Hawezi kupiga magoti," Paskalina alimkatiza. "Ndiyo shida yenyewe."

Anania alimtazama. "Mama, ni lugha ya maombi."

"Hatuombi. Tunakata rufaa. Andika nyonga ilivunjwa wapi, lini, na nani aliona."

Aliyeona yupo, Edmund alieleza. Anaitwa Lutengano, Mnyakyusa, walikuwa naye kikosi kimoja. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenye matope hadi kwa madaktari. Sasa anashona nguo Mbeya, na ameshajibu barua kwamba atakuja kutoa ushahidi. Anania akapiga taipu, ta-ta-ta, kisha akaacha.

"Sasa kuna hili la daktari wa Iringa. Kamati itauliza. Hebu nieleze ulivyoingia kwake, hatua kwa hatua."

"Nilibisha hodi. Nikavua kofia. Nikaingia, nikasimama, nikapiga saluti. Akaniuliza, 'Hujambo?' nikajibu sijambo. Ningemjibuje mtu anayenisalimu? Akanitazama, akaandika, akasema basi."

"Ulishikilia nini ulipokuwa unaingia?" Paskalina aliuliza ghafla.

"Sikushika kitu. Nilijikaza."

"Na fimbo?"

"Fimbo niliiacha mlangoni." Edmund alimshangaa mkewe. "Ulitaka niingie na fimbo kwa mkubwa wa Serikali? Baba yangu angekuwa amenizaa bure."

Anania alitoa vidole vyake kwenye taipu. Paskalina akakaa juu ya gunia la viazi la mchuuzi wa jirani bila kuomba ruhusa. Wiki zote hizo wamemwita yule daktari mwongo, wamemlaani hata kwenye sala, na kumbe mtu aliandika alichokiona. Alimwona mwanamume anaingia kwa miguu yake, amenyooka, hana fimbo, anasema hajambo.

"Baba Esta," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mbeya utaingia na fimbo."

"Ni aibu."

"Utaingia nayo. Niahidi hapa, mbele ya huyu bwana."

Edmund alitazama viatu vyake. "Naahidi," alisema.

Walifika Mbeya jioni ya tarehe 13 Juni, mifupa ikiwauma kwa baridi na kwa barabara. Lutengano aliwapokea stendi. Alikuwa mwembamba, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, na alipomwona Edmund alimkumbatia hadi fimbo ikaanguka.

"Tusekile!" alimwita mkewe walipofika nyumbani kwake. "Funga mbwa wetu ndani! Mhehe amefika!"

"Ningejua wewe ni mwembamba hivi ningekuja na mbwa wangu mwenyewe, tugawane," Edmund aliujibu utani ule wa kale kwamba Wahehe hula mbwa, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile Paskalina alimwona mumewe anacheka kwa tumbo.

Tusekile alileta ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando. Baada ya kula, Lutengano alisema, "Kesho wataniuliza, nami nitasema. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tisa. Huyu alikuwa mbele yangu hatua mbili. Kama angekuwa nyuma yangu hatua mbili, basi nyonga ingekuwa yangu, na rufaa ingekuwa yangu." Akamgeukia Paskalina. "Dada, mimi nashona suruali kwa miguu hii miwili, cherehani ya kukanyaga. Kila siku nikikanyaga namkumbuka mumeo. Ndaga fijo, asante sana, kwa kumleta."

Paskalina akamshukuru kwa ndizi.

Kamati ilikaa katika ofisi moja ya mbao yenye baraza ndefu. Wanaume wa rufaa walikuwa wameshajaa kwenye baraza hiyo tangu alfajiri, wamevaa makoti ya jeshi yaliyopauka, medali vifuani. Walitoka Tukuyu, Njombe, Rungwe, Iringa. Kila mmoja alikaa kimya na maumivu yake. Tarishi aliyeitwa Mika alisimama mlangoni na orodha, akiita majina. Aliyeitwa aliinuka, akaingia. Baada ya dakika kumi akatoka, uso umeshuka, akaenda kukaa kwenye ngazi. Wanne walikuwa wameingia. Wanne walikuwa kwenye ngazi.

"Edmund Kalinga! Na shahidi wake!"

Edmund aliinuka. Paskalina alimwona anaishika fimbo vizuri, anapiga hatua, ya pili, ya tatu. Alimwona anafika mlangoni. Ndani palionekana meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na nyuma yake Bwana Shauri, ofisa wa Serikali aliyekuwa mwenyekiti, na daktari mzee mwenye mvi. Edmund alivua kofia. Kisha mkono wake, mkono uleule ulioahidi, ukaiegemeza fimbo ukutani. Haukumwuliza mwenyewe. Alifundishwa hivyo akiwa na miaka mitano, na jeshi likamfundisha tena kwa njia yake, na ahadi ya Mlandege ilikuwa ya juzi tu. Akaingia amenyooka, akapiga saluti.

Paskalina alifunga macho.

Kupitia dirishani alimsikia Lutengano akitoa ushahidi, bila kutikisika, kuhusu mvua na matope na damu. Alimsikia daktari akisema, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha lakini kisicho na ubaya, "Sawa. Naamini aliumia. Hakuna ubishi. Mimi napima leo tu. Kalinga, rudi mlangoni. Njoo tena." Hatua zikasikika kwenye mbao, nzito, zimehesabiwa. "Maumivu?"

"Kidogo tu, Bwana."

"Unatembea bila fimbo. Vizuri." Kalamu ikakwaruza.

Hapo Paskalina alifungua macho, na ndipo alipouona ukuta.

Alikuwa ameutazama asubuhi nzima bila kuuona. Fimbo ya Edmund ilikuwa ya mwisho katika mstari. Kabla yake kulikuwa na mkongojo uliofungwa vitambaa kwapani. Kabla ya mkongojo kulikuwa na mpini wa jembe, kisha bakora, kisha mianzi miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba. Zilipangwa kwa adabu, za waliokwisha kupimwa na za waliokuwa bado kuitwa, moja kando ya nyingine, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona. Alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja, na wanaume walioletwa na rufaa siku hiyo walikuwa kumi na wawili.

Akaichukua fimbo ya mumewe, akaenda mlangoni.

"Mama, wanawake hawaingii," Mika alisema, akinyoosha mkono.

"Basi hii iingie," Paskalina alisema. Akapenyeza fimbo chini ya mkono wa tarishi, akaisukuma sakafuni hadi ikagonga mguu wa meza, na Mika alipogeuka kuitazama, Paskalina mwenyewe alikuwa ameshaingia.

Bwana Shauri alisimama. "Nini hii? Nani huyu?"

"Ni mke wangu," Edmund alisema, na laiti sakafu ingefunguka angeingia. "Nisamehe, Bwana. Paskalina, toka."

"Natoka. Nikishasema natoka." Akamgeukia daktari. "Bwana Daktari, umeandika kwamba mume wangu anatembea bila fimbo. Fimbo yake ni hiyo hapo miguuni pako."

Daktari aliinama, akaiokota. Mpini wake ulikuwa umelika kwa mkono wa mtu mmoja, umekuwa laini na mweusi. Aliupitisha kidole. "Mbona hakuingia nayo?"

"Kwa sababu anakuheshimu."

Daktari hakuelewa. Alimtazama Edmund, akamtazama Lutengano.

"Ni kweli, Bwana," Lutengano alisema. "Huku kwetu mtu haingii kwa mkubwa ameegemea fimbo. Hata kwetu Tukuyu ni hivyo. Hata mimi sikufikiri kwamba nyie hamjui."

"Na wale wanne wa asubuhi," Paskalina alisema, "nao walikuheshimu. Toka nje, Bwana, uone ulivyoheshimiwa."

Daktari mzee alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akatoka. Alisimama barazani mbele ya ule ukuta, akazipitia fimbo kwa macho, moja baada ya nyingine. Wanaume wote waliinuka kwa saluti, wengine wakishikana mabega wasianguke. Daktari aligusa mkongojo.

"Wa nani?"

"Wangu, Bwana," alijibu mmoja wa wale wa kwenye ngazi. Aliitwa Saulo, wa kutoka Rungwe.

"Wewe nimekupima saa mbili. Nimeandika huna haja ya kitu."

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini hukusema?"

Saulo alifikiri. "Bwana hakuuliza habari ya mkongojo."

Bwana Shauri naye alikuwa ametoka, fomu mkononi. "Daktari, haya ni mambo ya desturi," alisema. "Fomu inauliza alivyotembea mbele ya kamati. Haina mahali pa fimbo."

"Leo patakuwepo," daktari alisema. "Wote wanaanza upya. Na hao wanne. Kalinga kwanza. Kalinga, unaona mlingoti wa bendera? Nenda mpaka pale bila fimbo. Rudi."

Ilikuwa hatua hamsini, kwenye nyasi, mbele ya watu wote. Edmund alinyoosha mgongo. Paskalina aliuona ule uso, akaujua: ulikuwa uso wa gwaride. Alijua kwamba mtu huyu anaweza kufika mlingotini kwa ukaidi peke yake, akarudi, akapiga saluti, akaandikwa mzima, kisha akalala kitandani wiki tatu. Edmund alianza kwenda. Hatua tano, kumi. Jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Baba Esta!" Paskalina alipaza sauti. "Usijikaze! Leo usijikaze!"

Edmund alisimama. Mgongo wake kwa watu ulikuwa umenyooka kabisa. Miaka kumi alikuwa ameubeba mguu ule bila kuuachia, mbele ya karani, mbele ya padri, mbele ya binti yake, hata kitandani mbele ya mkewe. Aliona aibu mno. Aliona aibu kuliko siku ya barua. Lakini alikuwa amechoka kuliko aibu yake, na sauti aliyoisikia nyuma yake ndiyo sauti iliyomchemshia maji kila jioni. Akapiga hatua ya kumi na moja kama mguu ulivyotaka wenyewe. Nyonga ikapinda, bega likashuka, mguu ukaburuta. Hatua ya kumi na nne akaenda chini, mikono kwenye nyasi.

Wanaume wote wa barazani walisogea kumwinua. Daktari aliwazuia kwa mkono, akaenda mwenyewe, akapiga magoti penye umande na suruali yake nyeupe, akaweka kiganja kwenye nyonga ile.

"Hapa?"

"Hapo, Bwana."

"Inauma?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Edmund na hakuyafuta. "Inauma, Bwana," alisema. "Inauma sana. Inauma kila siku."

"Asante," daktari alisema. Akamgeukia tarishi. "Mika! Gawa fimbo kwa wenyewe. Kila mtu aingie na yake."

Siku nzima, hadi saa kumi, ofisi ile ya mbao ilikuwa inalia ko, ko, ko. Wanaume waliingia wameegemea, wakatoka wameegemea, na Saulo wa Rungwe alipotoka alicheka peke yake hadi watu wakadhani amepatwa na kitu. Edmund alipewa ulemavu wa asilimia arobaini, malipo ya kila mwezi, kuhesabiwa tangu siku alipopeleka ombi la kwanza. Lutengano alipiga yowe la Kinyakyusa lililowafanya makarani watoke ofisini. Paskalina hakupiga yowe. Alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa raha yake mpaka akamaliza.

Kazi ya barabara ilianza Kilolo tarehe 5 Julai. Asubuhi hiyo baraza lilijaa wanaume wenye majembe, na Eliezeri alikuwa mezani na daftari, baiskeli nyeusi imeegemezwa nyuma yake ndani ya ofisi, asije mtu akaigusa kengele. Aliita jina la Edmund Kalinga mara moja. Akaliita mara ya pili, huku akitabasamu kwa wazee.

Ko, ikasikika nje. Ko. Ko.

Edmund aliingia bila jembe. Kofia alikuwa ameivua, maana adabu ni adabu, lakini fimbo ilikuwa mkononi, na aliegemea juu yake uzito wote aliokuwa nao. Hakujikaza hata kidogo. Alivuka ofisi nzima polepole, ko, ko, ko, na alipofika mezani akasimama hapohapo, ameinama upande kama mguu ulivyopenda. Mlangoni, Paskalina alikuwa amekunja mikono.

"Mzee Kalinga," Eliezeri alisema, na tabasamu lilikuwa limeanza kumpungua. "Fimbo inabaki nje. Umesahau malezi?"

Edmund alitoa bahasha kwenye koti. "Nisomee hii, karani."

Eliezeri aliifungua. Macho yake yalikimbia juu ya mistari mara moja, yakarudi, yakasimama. "Labda twende pale pembeni," alisema kwa sauti ndogo.

"Barua ya Serikali haisomwi pembeni."

Basi karani akasimama, akakohoa, akasoma. Alisoma asilimia arobaini. Alisoma malipo, na mzee Kihwele mwishoni mwa benchi akaguna. Alisoma kwamba mtu huyu asitozwe kodi wala asiitwe kwenye kazi ya barabara maisha yake yote. Alipofika mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono wa daktari chini ya muhuri, alisita.

"Soma," Paskalina alisema kutoka mlangoni.

"'Mtu huyu hawezi kutembea bila fimbo,'" Eliezeri alisoma. "'Asiambiwe kuiacha nje ya ofisi yoyote, hata hii yangu.'"

Hakuna aliyecheka. Eliezeri alifungua daftari, akachora mstari juu ya neno aliloliandika miezi mitatu iliyopita. Edmund alisubiri hadi wino ukauke. Kisha akageuka, akaketi kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, mikono miwili juu yake.

Mzee Kihwele alimtazama. Akaitazama fimbo. Aliinuka kwa tabu, akishika bega la jirani yake, akatoka nje akiburuta miguu yake ya miaka sabini, na wote wakamsikia anapapasa ukutani. Kisha akarudi ndani.

Ko, ko, ko.